Dominika ya 26 ya Mwaka A: Aliyejifunga kwa Mungu



Injili ya dominika hii, iliyotoka katika sura ya 21 ya Mtakatifu Mathayo, ni fupi hata mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza aweza kuwasimulia wazazi wake jioni bila kukosea. Baba mmoja ana wana wawili. Anamwendea mmoja na kumtaka aende kufanya kazi katika shamba la mizabibu. Huyo anakataa katakata, lakini baadaye moyo wamsuta, naye anakwenda. Anamwendea wa pili, naye anaitikia kwa adabu zote, kisha haonekani shambani. Bwana wetu anawauliza wakuu wa makuhani na wazee wa watu ni yupi kati ya hao aliyetimiza mapenzi ya baba yake, nao wanajibu sawasawa, pasipo kutambua kwamba wamejihukumu kwa kinywa chao wenyewe.

Tuangalie ni akina nani walioambiwa mfano huo. Hawakuwa watu wasiomjua Mungu. Walikuwa watu wa hekalu, wenye kushika vyeo vya dini na kuvaa mavazi ya dini. Ndio hasa waliokwisha kuitikia. Na leo walioitikia ni sisi. Sisi tuliobatizwa, tukapakwa krisma, tukafunga ndoa mbele ya altare. Sisi mapadre tuliolala kifudifudi sakafuni huku Litania ya Watakatifu ikiimbwa. Sisi tulioweka nadhiri za kitawa huku akina mama wakipiga vigelegele. Tumesema ndiyo mara nyingi, tena kwa sauti na kwa nyimbo, na shamba bado linangoja.

Kuna swali moja ambalo makatekista huwaletea mapadre mara kwa mara, hasa mwezi wa Ramadhani unapokwisha. Katekista ana jirani Mwislamu. Jirani huyo huamka usiku wa manane kula daku, kutwa nzima hatii hata tone la maji kinywani ilhali anapakia magunia kwenye lori, na jioni humpelekea mjane futari kabla hajafuturu mwenyewe. Sokoni mizani yake haijapata kulalamikiwa. Hapo hapo, katika daftari la kigango, katekista ana majina ya Wakristo kadha wa kadha ambao hawajaonekana kanisani tangu siku ya kipaimara chao. Basi anauliza, kwa unyofu kabisa, ni yupi aliyekwenda shambani.

Swali hilo ni la haki, wala halifai kufukuzwa. Wako wanaolijibu kwa wepesi, wakisema kwamba dini zote ni moja, na hapo hulifunga jambo na kuagiza chai. Wako wengine wanaolijibu kwa ukali, wakisema kwamba mfungo wa asiyebatizwa hauna maana yoyote mbele ya Mungu. Twaonelea kwamba majibu yote mawili hukwepa kazi, maana yote mawili humwondolea msemaji haja ya kumtazama jirani yake, na pia haja ya kujitazama mwenyewe. Tukae kidogo na swali lenyewe: mtu huwa amejitoa kwa dini yake kwa namna gani, na hilo laonekana wapi?

Kiswahili chetu kina neno moja linalobeba sehemu kubwa ya jibu. Anayejinyima chakula kwa ajili ya Mungu, twasema anafunga. Wanaopeana ahadi ya maisha mbele ya padre na mashahidi, twasema wanafunga ndoa. Mwenye ng'ombe humfunga kamba asipotee. Waliofundishwa Kilatini seminarini wanakumbuka kwamba Lactantius, mwandishi Mkristo wa karne ya nne, alilieleza neno la Kilatini la dini kuwa latokana na kitenzi cha kufunga: mtu amefungwa na Mungu kwa kifungo cha uchaji. (Cicero, kabla yake, alikuwa amelieleza kwa njia nyingine, nasi hatutaamua ugomvi wa wanasarufi redioni.) Tena neno letu dini, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina herufi za shina lile lile zilizomo katika neno deni. Mwenye dini ni mwenye kudaiwa. Hata babu zetu ambao hawakuwahi kusikia Injili walilijua jambo hili kwa njia yao, kwa viapo na kwa miiko: yako mambo ambayo mtu hayatendi hata akiwa peke yake porini, kwa sababu amefungwa.

Hivyo basi, mwenye kusema yeye ni mtu wa dini fulani hatujui bado kama amefungwa. Tutajua siku kamba itakapovutwa.

Kila mwaka, ifikapo tarehe 3 Juni, mahujaji humiminika Namugongo nchini Uganda, wengine kwa miguu kutoka mbali sana. Twawajua walioteketezwa pale mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake. Wakatoliki 22 kati ya mashahidi wa Uganda walitangazwa Watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964, na siku hiyo Baba Mtakatifu hakusahau kuwataja Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo huyo huyo. Wasikilizaji wachache tu, twadhani, wanajua kwamba kabla ya hao wote Namugongo ilikuwa imekwisha kupokea damu nyingine. Katika miaka ya 1870, zama za Kabaka Mutesa, vijana Waislamu wa ikulu walikataa kula nyama iliyochinjwa kinyume cha sheria ya dini yao, wakakataa pia kuswali nyuma ya mfalme ambaye hakutahiriwa. Wanahistoria hutaja watu wapatao 70 waliouawa kwa ajili hiyo.

Hatusemi kwamba imani yao na ya Karoli Lwanga ni kitu kimoja. Vijana wale wenyewe wangekataa, na Karoli angekataa. Twasema tu kwamba mfalme aliivuta kamba mara mbili, katika vizazi viwili vinavyofuatana, na kila mara alikuta vijana waliofungwa.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi na wakati wetu, nao watoka Algeria, nchi ambayo karibu watu wake wote ni Waislamu. Huko milimani, karibu na mji wa Médéa, pana monasteri iitwayo Tibhirine, ambako watawa Watrapisti walisali, walilima na kuuza asali. Mkuu wao alikuwa Padre Christian de Chergé, Mfaransa. Miaka mingi kabla, mwaka 1959, alikuwa mseminari aliyepelekwa Algeria kama afisa wa jeshi, wakati wa vita vya uhuru wa nchi ile. Huko alipata rafiki, Mwislamu aitwaye Mohamed, mlinzi wa kijiji na baba wa watoto kumi, mtu wa sala. Siku moja watu wenye silaha walitaka kumdhuru yule afisa kijana, na Mohamed akasimama kati, akamtetea. Kesho yake Mohamed alikutwa ameuawa karibu na kisima chake.

Christian hakusahau maisha yake yote kwamba alikuwa hai kwa sababu Mwislamu mmoja alikufa. Alipokuwa padre, kisha mtawa, alirudi katika nchi ile ile mwaka 1971. Alikwenda kuwa mtu wa sala kati ya watu wa sala. Watawa walitoa chumba katika eneo la monasteri ili wanakijiji wapate mahali pa kuswalia. Bruda Luc, mganga, alikuwa ametibu wagonjwa pale tangu mwaka 1946, bila kumwuliza mtu dini yake wala upande wake.

Inasimuliwa kwamba kijana mmoja wa kijijini alizoea kwenda kwa Padre Christian kuzungumza mambo ya Mungu, nao waliyaita mazungumzo hayo kuchimba kisima chao. Siku moja padre alimtania, akamwuliza watakapofika chini watakuta maji ya namna gani, ya Kiislamu au ya Kikristo. Kijana akamshangaa, kwamba baada ya kuchimba pamoja muda wote huo bado anauliza jambo hilo, na kumjibu kwamba huko chini yako maji ya Mungu. Ni vema tukumbuke kwamba wachimbaji hao hawakubadilishana dini. Christian aliendelea kuadhimisha Misa kila siku, na kijana aliendelea kuswali. Walichimba, kila mmoja kwa jembe lake.

Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaikumba nchi ile. Desemba 1993 wafanyakazi 12 kutoka Kroatia, Wakatoliki waliofahamiana na watawa, walichinjwa si mbali na monasteri. Siku kumi baadaye, usiku wa Noeli, watu wenye silaha waliingia Tibhirine. Padre Christian aliwaeleza kwamba ni usiku wa kuzaliwa Mfalme wa Amani, akakataa kutoa walichotaka, nao wakaondoka kwa ahadi ya kurudi. Tangu hapo watawa walijua. Walishauriwa waondoke, na hakuna ambaye angewalaumu. Walikaa, wakasali, wakazungumza, wakapiga kura zaidi ya mara moja. Wengine waliogopa sana, wala hawakuficha. Mwishowe walibaki.

Kwa nini walibaki? Makatekista wanapaswa kulijua hili, maana hapa ndipo kiini chake. Wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto huweka nadhiri ya kudumu: mtawa hujifunga kwa jumuiya moja, mahali pamoja, hadi kufa. Watawa wale walikuwa wamejifunga kwa Mungu pale Tibhirine, na Tibhirine haikuwa kuta za monasteri peke yake. Ilikuwa pia mama mwenye mtoto mgonjwa aliyemngojea Bruda Luc asubuhi; ilikuwa vibarua walioshirikiana nao bustani. Wanakijiji hawakuwa na mahali pa kukimbilia. Kwa nadhiri ya Kikatoliki kabisa, watawa walijikuta wamefungwa na majirani wao Waislamu. Laiti wangekuwa wamejifunga kwa kamba iliyolegea, wangeondoka kwa heshima zote, na leo tusingewazungumzia.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 1996 saba kati yao walitekwa. Mwezi wa Mei ilitangazwa kwamba wameuawa. Mazingira ya kifo chao yanabishaniwa hata leo. Bruda Luc alikuwa na umri wa miaka 82. Padre Christian alikuwa ameacha barua ya wosia, iliyofunguliwa siku ya Pentekoste mwaka ule, ambamo alimsamehe mapema mtu asiyemjua bado ambaye angekuja kumwua, na kukataza kifo chake kisitumiwe kuwadharau Waalgeria wala dini yao. Tarehe 1 Agosti mwaka huo huo Askofu Pierre Claverie wa Oran aliuawa kwa bomu mlangoni pa nyumba yake, pamoja na dereva wake, kijana Mwislamu Mohamed Bouchikhi. Kijana huyo alijua hatari ya kumwendesha askofu, na aliacha daftari dogo lenye maneno ya kuaga na kuomba msamaha. Watawa saba, askofu na wenzao kumi na mmoja walitangazwa Wenyeheri tarehe 8 Desemba 2018 huko Oran, na siku hiyo Kanisa liliwakumbuka pia Waalgeria wengi waliouawa katika miaka ile, wakiwamo maimamu waliokataa kuyabariki mauaji. Kwa hiyo tusije tukasema hii ni habari ya Wakristo walioteswa na Waislamu. Pande zote mbili walikuwamo watu waliofungwa kweli, wakafa karibu karibu.

Hata huku kwetu Afrika Mashariki hatukosi mfano. Novemba 2014, karibu na Mandera nchini Kenya, wauaji walisimamisha basi, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua 28. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lilivamiwa katika njia za huko huko. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengana na Wakristo. Akina mama waliwavika wenzao Wakristo hijabu zao, na wote wakawaambia wauaji wawaue pamoja au wawaache pamoja. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi. Alifariki hospitalini Januari 2016. Abiria wale hawakuwa wamesoma hati zetu za Mtaguso. Walikuwa na dini yao, nayo iliwafunga wasiwatoe jirani zao.

Basi turudi kwa swali la katekista. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulifundisha mambo mawili ambayo yapasa kusomwa pamoja. Katika namba 16 ulifundisha kwamba wale ambao bila kosa lao hawaijui Injili, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi, wakisaidiwa na neema, kutenda mapenzi yake kama dhamiri inavyowaonyesha, waweza kuupata wokovu. Hilo wengi wamelisikia. Namba 14 husomwa mara chache zaidi, labda kwa sababu yatuhusu sisi. Humo Mtaguso wafundisha kwamba mwana wa Kanisa asiyedumu katika upendo, akabaki ndani kwa mwili tu na si kwa moyo, haokoki. Tena kwamba hadhi yetu ni zawadi ya Kristo wala si stahili yetu, na tusipoiitikia tutahukumiwa kwa ukali zaidi. Ndiyo aliyosema Bwana kwa mfano wa wana wawili.

Maana yake si kwamba ubatizo ni bure. Sisi tunaamini kwamba Kristo ndiye Mwana ambaye alimwitikia Baba na akaenda, mpaka msalabani, na kwamba kila mtu anayekwenda shambani huenda kwa neema yake, ajue asijue. Kumhubiri Yeye ni wajibu wetu, na katekista anayeogopa kumtaja Kristo mbele ya jirani hamtendei jirani heshima yoyote. Lakini wale walioishi mijini katika miaka ya 1980 na 1990 wanaikumbuka mihadhara ya viwanjani, vipaza sauti pande zote mbili, kila mmoja akipekua kitabu cha mwenzake kutafuta mahali pa kumwaibishia. Hatujapata kusikia kwamba mtu alitoka pale akaenda kumtazama mgonjwa.

Na hapa tuseme neno juu ya jambo linaloumiza nyumba nyingi, nalo ni ndoa kati ya Mkatoliki na mtu wa dini nyingine. Kijana ampenda binti wa Kiislamu, au binti yetu ampenda kijana wa Kiislamu, na mara wazee waketi kuamua nani ahamie kwa nani, kana kwamba wanapanga mahari. Mmoja abatizwa wiki tatu kabla ya arusi, au mmoja wetu asilimu usiku mmoja, ili wakwe waridhike. Tunawasihi makatekista: msilipokee ombi la ubatizo lisilo na sababu nyingine ila tarehe ya arusi. Huyo anaombwa aseme ndiyo mahali ambapo hana nia ya kwenda, nasi tunakuwa tumemfundisha uongo katika mlango wa Kanisa. Iko njia iliyo wazi zaidi. Sheria ya Kanisa inaruhusu askofu kuondoa kizuizi, ili Mkatoliki afunge ndoa na asiyebatizwa, kila mmoja akibaki na imani yake. Mkatoliki hutangaza kwamba yu tayari kujiepusha na hatari ya kuiacha imani, na huahidi kufanya yote yaliyo katika uwezo wake ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa. Mwenzake huelezwa ahadi hiyo mapema, kabla ya arusi, asije akadai baadaye kwamba alifichwa. Ni njia ngumu, tena wako wanaoshindwa. Lakini mwenye kuoa mtu anayeishika dini yake ajua walau kwamba mwenzake ni mtu anayeweza kushika neno.

Kwa hiyo, ewe katekista, utakapomwona jirani yako akienda msikitini alfajiri, usimwonee kijicho wala usimcheke. Mwamkie. Kisha uende ukafungue kanisa la kigango, hata kama watakuja watu watatu, upige kengele kwa saa yake. Na yale majina yaliyo katika daftari lako, wiki hii chagua mawili, uyatafute kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Usiende na karipio. Yule mwana aliyekataa alikwenda shambani baadaye, na Injili haisemi baba alimwambia nini alipomwona akitokea na jembe begani.

Sasa tusimame wote, popote tulipo, na walio wagonjwa vitandani waseme nasi kwa moyo, tuiungame imani yetu: Nasadiki.